WALISEMA NILIWAAPISHA SAKAFUNI

"Alituapisha!"

Ukumbi wote ukanigeukia...

Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha mbao, peke yangu, mbele ya watu wote, kama mwizi wa kuku. Aliyesema neno hilo alikuwa amesimama karibu nami kiasi cha kusikia pumzi yake. Suti ya kijivu, tai imebana koo, Biblia mkononi.

"Alituapisha, Mzee! Alifunga mapazia, akatulaza chini gizani, akatuambia tutaje majina ya watu waliokufa!"

Vincent Gitobu!

Mwanafunzi wangu! Yule niliyemwazima vitabu nilivyobeba kwenye ndege... Yule niliyekuwa nikimsifu mbele ya wenzake mpaka wenzake wakanuna!

Na nje ya mlango askari wawili walikuwa wanangoja kuambiwa kama wanichukue au waende zao.

Ninyi mliozaliwa juzi mnaweza kucheka. Lakini miaka ile ya tisini neno "kiapo" halikuwa la kuchezea. Kila kona ilikuwa na habari za waabudu shetani mashuleni. Ikisemekana umeapisha vijana wa watu, unaingia ndani kwanza, maswali yanakuja baadaye.

Basi nisikilizeni. Na msiniambie nisamehe na kusahau, maana nikikumbuka siku ile bado damu inanichemka!

Naitwa Regina Ciakuthii. Kwetu ni Tharaka, kule chini kwenye jua kali. Nilipata bahati ya kwenda kusoma ng'ambo, nikasomea historia ya watu weusi: walivyouzwa, walivyovushwa bahari, walivyopigana mpaka wakahesabiwa tena kuwa watu. Nikapewa kazi huko huko.

Nikaikataa! Nikarudi nyumbani.

Nilipata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu cha kanisa, juu kidogo ya Kinoru, kule Meru. Jina la chuo nitalimeza. Bodi ikanipa mwaka mmoja wa majaribio. Nifundishe Historia ya Mtu Mweusi, halafu wao waamue kama somo libaki au lifutwe. Likifutwa, nami nimefutwa. Ng'ambo nafasi yangu ilikuwa imeshachukuliwa, na nyumbani kila mtu alikuwa ameshaambiwa kwamba binti yao ni profesa.

Sasa, mimi sikufundisha kama wengine. Wengine waliingia, wakafungua daftari la manjano la zamani, wakasoma, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Mimi nilifundisha kwa mwili mzima! Nilipiga meza. Nilizunguka katikati ya madawati. Nikifika kwenye habari za wale waliorushwa baharini wakiwa hai, nililia.

Ndiyo, nililia darasani. Mara nyingi!

Wanafunzi wakanipa jina la Mama Meli. Nikipita karibu na bweni nasikia mtu anaiga honi, "Puuu!", na wenzake wanaanguka kwa kicheko.

Nilivumilia. Nilikuwa na mtu wa kunituliza, mwalimu mwenzangu aitwaye Gladwell. Yeye ndiye aliyekuwa akifundisha historia ya Ulaya kwenye vipindi vile kabla sijaja. Nilidhani atanichukia. Wapi! Alikuwa ananiletea kithere kwenye mkebe, mahindi na maharagwe ya nguvu, tunakula pamoja ofisini. Ananiita dada. Namwambia kila kitu.

Kila kitu, jamani...

Ikafika muhula wa mwisho wa mwaka. Huko nilikosomea kuna desturi ya mwalimu kuwauliza wanafunzi wanaonaje ufundishaji wake. Nami kwa ujinga wa kusoma sana nikaona niilete Meru!

Hapa kwetu tangu shule za misheni zifunguliwe hakuna mwanafunzi aliyewahi kuulizwa anamwonaje mwalimu. Nikawaambia wasimame mmoja mmoja waseme bila uoga. Gladwell akaja akaketi nyuma, ati anipe moyo.

Wakatazamana...

Kisha akasimama Wawira, msichana wa Embu, mrefu, nadhifu, ulimi wa moto.

"Madam, tuseme ukweli?"

"Ukweli mtupu."

"Na hutakasirika?"

"Siwezi kukasirika."

"Haya. Unapiga kelele sana."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, nijifanye mkubwa.

"Halafu kila siku weusi, weusi, weusi... Kwani sisi hatuna kioo kwa nyumba?"

Darasa likalipuka! Watu walipiga madawati. Na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwashika tena.

"Hupeani notes! Unaongea, unalia, kengele inalia, tunatoka na karatasi tupu."

"Madam, hiyo mambo ya meli itatoka kwa mtihani?"

"Haiwezi toka! Mimi nimeangalia mitihani yote ya nyuma."

"Babu yangu alikuwa na ng'ombe na kahawa," akasema kijana anayeitwa Bundi. "Hakuna mtu alimuuza. Sasa mimi nililie mtu wa Amerika aje? Kwani yeye ananililia?"

"Mimi nilikuja hapa kutafuta cheti, Madam. Sikukuja kuhuzunishwa."

"Na hiyo kutuambia majina ya ubatizo ni ya wazungu... Mama yangu aliomba Mungu ndio nikapata hilo jina!"

Vincent Gitobu peke yake hakusema neno. Alikuwa mwakilishi wa darasa, mtu mzima kuliko wengi wao, alikuwa ameshafanya kazi kabla ya kuja chuoni. Aliniangalia tu... Nikajiambia, angalau huyu ananielewa.

Niliwaahidi singekasirika. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto!

Ofisini nikamwaga machozi mbele ya Gladwell.

"Wanasema haiwahusu! Ati haiwahusu!"

"Dada, hao ni watoto," akasema huku akinimiminia chai. "Maneno hayawaingii. Wafanye waone wenyewe. Wafanye wahisi kwa mwili."

"Vipi?"

"Si uliniambia jinsi watu walivyopangwa ndani ya meli? Walaze hivyo hivyo. Chukua ukumbi, ufunguo ninao mimi. Funga na mapazia, wasione jua."

Nikamkumbatia! Nilimkumbatia yule mwanamke kwa mikono yangu hii miwili.

Siku ya kipindi, Ijumaa moja, nikafika mapema na chaki. Nikachora sakafuni visanduku virefu vyembamba, upande mmoja wa wanaume, upande mwingine wa wanawake, bega likigusa bega. Nikafunga mapazia. Wakaingia wakinong'ona.

"Laleni."

"Wapi, Madam?"

"Hapo kwenye chaki."

"Na hii blauzi nyeupe?" Wawira akauliza.

"Watu wa kwenye meli hawakuulizwa habari ya blauzi!"

Wakalala wakinung'unika. Nikawaacha hivyo, gizani, kimya, mpaka wakaanza kupumua kwa shida. Halafu nikawaambia kila mmoja ataje kwa sauti yeye ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa nani. Kwa sababu hicho ndicho walichonyang'anywa wale watu! Walifika ng'ambo hawana baba, hawana babu, wana namba na jina la bwana wao tu.

Wakaanza kutaja. Sauti moja baada ya nyingine gizani, majina ya Imenti, ya Tigania, ya Embu, ya Mbeere... Nilisimama pale kwenye jukwaa nikalia mpaka nikasahau niko wapi. Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na sitaki mtu aniambie vinginevyo.

Lakini nilisahau sakafu.

Ninyi mliosoma shule zetu za zamani mnaijua ile polishi nyekundu ya sakafu. Inapakwa Ijumaa, inasuguliwa, inang'aa, na ole wako ukiikalia kabla haijakauka vizuri! Mapazia yalipofunguliwa, darasa zima lilikuwa na migongo myekundu.

Wawira aliona blauzi yake akapiga kelele kama amechomwa. Wakatoka nje mbio wakipiga makofi ya hasira, na langoni wakakutana na akina mama wanaouza ndizi.

"Uuuwi! Watoto wamefanywa nini?"

"Wamelazwa gizani!"

"Na hiyo nyekundu ni nini?"

Mnajua kilichofuata. Kufika jioni, mtaa wote wa Makutano ulikuwa umeshasikia kwamba kuna mwanamke wa kutoka Amerika aliyechinja mbuzi ukumbini akawapaka wanafunzi damu. Kufika Jumapili nilikuwa nimeombewa kanisani. Kwa jina langu, na mimi nimeketi pale pale kwenye benchi!

Bodi ikaitisha kikao cha haraka. Wanafunzi wote wahudhurie, walimu wote, na mwenyekiti awe Mzee Naftaly. Mzee huyu alikuwa mzee wa kanisa na pia mzee wa baraza la kimila, mtu wa maneno machache, anayeogopwa pande zote mbili.

Jioni ya kuamkia kikao Vincent alikuja ofisini.

"Usijali, Madam. Mimi ndio nitasema kwa niaba ya darasa. Nitaeleza vile ilikuwa."

"Asante, Vincent. Nakutegemea."

"Najua."

Ndiyo maana aliposimama na kusema "alituapisha", nilihisi kama kiti kimeondolewa chini yangu.

Gladwell akasimama nyuma yake. Nikashukuru Mungu, nikajua sasa nitatetewa.

"Mzee mwenyekiti," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "mimi nimekuwa rafiki wa huyu mwalimu. Nimemwonya. Nimemwombea. Lakini siwezi kunyamaza roho za vijana zikipotea."

Akafungua mfuko. Akatoa blauzi ya Wawira! Akaiinua juu na doa lake jekundu watu wote waone.

"Yesu!" akasema mtu nyuma.

"Gladwell!" Niliruka. "Ufunguo wa ukumbi si ulinipa wewe? Mapazia si ulisema wewe?"

"Mimi?" Akanitazama kwa huruma. "Dada, hata sasa unaendelea kudanganya?"

Mzee Naftaly akanyanyua mkono. Akainuka polepole, akainama, akasugua kidole sakafuni. Akakitazama. Chekundu.

"Blauzi nimeielewa," akasema. "Hiyo ni polishi. Irudishwe kwa mwenyewe. Lakini polishi haisemi. Nataka kujua maneno gani yalisemwa gizani."

"Wawira, wewe uliapa?" Mzee akauliza.

"Mzee, mimi nilikuwa nafikiria blauzi."

"Bundi?"

"Tulitaja majina, Mzee. Sasa kama ni kiapo ama si kiapo... Muulize Vincent. Yeye ndiye anatusemea."

Wote walioulizwa walijibu vivyo hivyo. Muulize Vincent. Hakuna hata mmoja aliyenitetea! Mwaka mzima nimewapa moyo wangu, na siku ninayohitaji sentensi moja tu kutoka kwao, wanaangalia viatu.

Vincent akaweka mkono juu ya Biblia.

"Naapa mbele ya Mungu. Alisema anayetoa siri atakufa."

Hakupepesa jicho! Askari mmoja akachungulia mlangoni.

Mzee Naftaly akanigeukia.

"Mwalimu, kabla hujajibu. Wewe tunakuita profesa, tunakuita dakta. Lakini hujatuambia wewe ni wa nani. Mwiriga gani?"

Mwiriga ndio ukoo. Na kweli, kwa mwaka mzima sikuwahi kuutaja pale chuoni. Nilizoea kusema "sisi watu weusi", basi.

Nikautaja. Sitautaja hapa, wenyewe wako humu humu na wanajijua.

Mzee akavua miwani...

Akamtazama Vincent kwa muda.

"Gitobu. Wewe ulilelewa kwa baba ya mama yako, sivyo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Yeye alikuwa wa mwiriga gani?"

Vincent akaikumbatia Biblia. "Mzee, hii si ni kesi ya kanisa?"

"Nimekuuliza."

Akautaja kwa sauti ndogo.

Ukumbi ukavuma! Wameru wote waligeukiana. Mama mmoja wa jikoni alifunika mdomo kwa kanga. Wawira, kwa kuwa kwao Embu hawana jambo hili, akawa anamvuta Bundi mkono.

"Nini? Nini sasa?"

"Hao ni gichiaro!"

"Ndio nini?"

"Hawawezi kudanganyana! Wazee wao walichanganya damu. Akimdanganya, akimdhuru, ama amnyime kitu ameomba... ni balaa nyumbani kwake. Kwa watoto, kwa ng'ombe, kwa kila kitu."

Ndiyo hiyo, marafiki. Ukoo na ukoo hufungwa namna hiyo, hata kama wanaishi mbali na hawajawahi kuonana. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Utakutana na Mmeru aliyeokoka, anayehubiri sokoni, anayecheka mambo yote ya zamani. Mguse kwenye gichiaro umwone!

"Sasa," akasema Mzee Naftaly, "weka hiyo Biblia mezani. Mtazame mwalimu machoni. Rudia ulichosema."

Vincent akaiweka Biblia. Akanitazama.

Mdomo ukafunguka... ukafungwa.

Yule mtu aliyeapa mbele ya Mungu bila kupepesa jicho alikuwa anatoka jasho kwenye nyusi! Na ndiye aliyekuwa ananishtaki mimi kwa mambo ya kishenzi. Nilitamani kucheka na nilitamani kumzaba kofi.

"Rudia, Gitobu."

"Hakutuapisha."

"Sauti."

"Hakutuapisha, Mzee! Tulilala, tukataja wazazi wetu, tukaamka. Basi."

Mimi nikasimama. Hakuna aliyenipa ruhusa.

"Kwa gichiaro nakuuliza. Nani alikupa hilo neno kiapo?"

Akaangalia chini. Halafu akainua kidole, na kidole kikaenda moja kwa moja mpaka kwa Gladwell.

"Uongo!" Gladwell akapaza sauti. Upole wote ulikuwa umekwisha. "Uongo mtupu! Huyu kijana amechanganyikiwa!"

"Alisema Madam akiondoka yeye ndiye atapewa ile nafasi ya naibu mkuu iliyo wazi," Vincent akasema. "Na mimi nitaajiriwa hapa hapa nikimaliza."

Wueh!

Gladwell alishika mkoba wake akatoka. Hakunitazama. Mzee Naftaly akawaambia askari waende zao, na wakaenda wakionekana kuudhika kidogo kwa safari ya bure.

Nilifurahi! Sitajifanya mtakatifu hapa. Bodi ikanong'onezana kidogo, kisha Mzee akatangaza.

"Somo litaendelea. Mwalimu atabaki. Na hilo la naibu mkuu tutaliangalia upya, na mwalimu huyu atakuwa wa kwanza kufikiriwa."

Nikawageukia wanafunzi. Sijui nilitegemea nini. Labda makofi... Nyuso zao zilikuwa zimekunjamana kama watu walioambiwa sikukuu imefutwa.

"Ati ataendelea?" Wawira akasema, na hakujaribu kushusha sauti.

Hapo ndipo Vincent aliposema:

"Mzee, bado sijamaliza."

"Una nini tena?"

"Gichiaro ni ya pande mbili, ama si hivyo?"

Mzee akavaa miwani yake tena. "Ni hivyo."

"Yeye ameomba, nimempa. Na mimi naweza kuomba."

"Unaweza."

Akanigeukia. Hakuwa na jasho tena. Nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza, na nawaambia, sijawahi kuangaliwa na macho yenye chuki ile.

"Siku ile kwenye sakafu, nilipofikiwa kutaja baba yangu, unajua nilisema nini?"

Sikujua.

"Nilisema sina. Nikasema mimi ni mtoto wa mama. Watu wakacheka, Madam. Gizani pale, wote wakacheka. Nimekuwa hapa karibu miaka miwili, hakuna mwenzangu aliyekuwa anajua. Wewe ulikuwa juu ya jukwaa unalilia watu wa baharini."

"Vincent... ungeniambia! Mlango wangu ulikuwa wazi!"

"Kukuambia nini? Wewe huwa unasikiliza?"

Hakuna aliyecheka sasa.

"Gladwell hakuninunua," akasema. "Mimi nilikuwa nimeshakuchukia. Yeye alinipa tu neno la kutumia. Sasa kwa gichiaro nakuomba. Acha hili somo. Toka hapa chuoni. Usitufundishe tena."

Mzee Naftaly akaingilia kati.

"Mwalimu, hapa ni chuo, si kijijini. Bodi imeamua. Ukikataa, hakuna mtu wa bodi atakayekulaumu."

"Kataa, Madam!" Wawira akasema. Na hakuwa ananitetea! Alikuwa ameegemea mbele, macho yanang'aa. "Kataa tuone!"

Nikaelewa. Wote walikuwa wanangoja hilo. Mwaka mzima nimewapigia meza kwamba vifungo vya ukoo vya watu wetu havikuwa ushamba. Kwamba mtu asiye na wa kumfunga ni kama aliyevushwa bahari. Nikikataa sasa, nabaki na kazi, napata na cheo juu yake, na hakuna neno langu hata moja litakalosimama tena ndani ya chuo kile. Nitakuwa nawapa notes tu, kama wengine.

Na nikikubali, sina kitu.

Nilimtazama Vincent. Nilitaka aone aibu kidogo tu. Hakuona.

"Nimekubali," nikasema.

Bundi peke yake ndiye aliyesema "Aki!" kwa mshangao. Nilipopita katikati yao, waliokuwa wameweka miguu njiani waliirudisha ndani. Huo ndio ulikuwa mwisho wa Historia ya Mtu Mweusi katika chuo kile. Hawajairudisha mpaka leo.

Mchana ule ule nikabeba vitabu vyangu. Nyumbani waliniambia nimerogwa. Mama yangu hakuniongelesha kwa muda mrefu. Nilikaa bila kazi mpaka nikapata shule ya upili ya kutwa kule Mbeere, karibu na Kiambere, joto la kukausha wino. Nikafundisha historia ya mtihani kwa kusoma na kunakilisha. Nilistaafu hapo.

Watu humu huniuliza inbox, "Mwalimu, kwa nini hukukataa? Ni mila tu!"

Ni mila tu... Basi mimi nilikuwa nafundisha nini?

Funzo langu ni hili, na mlichukue lilivyo. Ukisimama mbele za watu ukawahubiria kitu kwa moyo wote, jua kuna siku utatakiwa ukilipie wewe mwenyewe. Na atakayekuja kukudai hatakuwa yule aliyekuwa akikupigia makofi. Atakuwa yule aliyekaa kimya, anakuchukia, na amesikia kila neno. Katika darasa lile zima, aliyenielewa sawasawa alikuwa ni Vincent Gitobu.

Alikuja kuwa mwalimu mkuu. Sisemi wapi.

Tulikutana mwaka jana Makutano, nje ya duka la dawa. Ana mvi sasa. Jua lilikuwa kali, nami nimebeba mzigo. Akaniletea kiti kutoka dukani, akaninunulia maji, akaubeba mzigo wangu mpaka nilipokuwa naenda. Kama ningemwomba shati lake angevua pale pale.

Nikamshukuru.

"Ni wajibu," akajibu.

Hakutabasamu. Wala mimi sikutabasamu. Maji hawezi kuninyima, nami siwezi kumnyima. Lakini kunipenda? Wazee wetu walipochanganya damu, hilo hawakuliweka ndani.